Chupa Zilizokataa

Nalipwa kwa saa kukaa kitini
katika ujia wa jengo la kemia, Groningen,
nikiwaambia watu wasiguse.
Nje mvua, na baiskeli zimelaliana ukutani.
Ndani, juu ya meza ndefu yenye kitambaa cheupe,
chupa za maabara arobaini na tatu,
zote mbovu.

Hii ni sanaa. Kibao kinasema hivyo.

Aliyezipanga ni Fenna Dijkema.
Alikuja mwezi wa pili, viatu vya mpira, pua nyekundu kwa baridi,
akagonga kila mlango wa watafiti
akiomba, si matokeo, si picha za chembe zilizotiwa rangi,
bali kilichowashinda.
Wengine walicheka. Profesa mmoja alimpa kahawa,
kisha akamwonyesha mlango wa kutokea.
Ni Wiebren tu, kule chini kabisa karibu na mabomba,
mpuliza vioo wa chuo kwa miaka thelathini na mmoja,
aliyezima moto wake, akasema: ngoja,
na kuvuta kreti kutoka chini ya benchi.

Hakuwa ametupa hata moja.

Kila chupa ina karatasi iliyofungwa kwa uzi,
mwandiko umeinama kama mwendesha baiskeli anayepingana na upepo:
*Hii ilipoozwa kwa pupa.*
*Hii ni kosa langu. Nilikuwa namuwaza Aafke.*
*Hii haina kosa. Sijui. Ilikataa tu.*

Wanasayansi hupita na mikate yao ya jibini.
Wazee wa fizikia huinama, mikono mgongoni,
kama watu walioitwa kuutambua mwili.

Jumanne alishuka Daktari Tjitske wa ghorofa ya nne,
yeye apimaye hewa iliyonaswa katika tope la pwani.
Akasimama mbele ya namba kumi na saba.
"Miaka miwili," alisema, wala si kwangu.
Miaka miwili namba zake zilikuwa zikiteleza.
Alibadilisha pampu, akabadilisha msaidizi,
akawaandikia wafadhili barua ndefu ya kuomba radhi.
Na hapa, chini ya taa
ambayo Fenna aliitega ubavuni ili vivuli virefuke,
ufa mwembamba kuliko unywele
umejichora juu ya kitambaa, mweusi, dhahiri.

Huko juu taa ni kali, hazina kivuli.

Wahenga walituagiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta.
Hawakusema tufanyeje na ufa
usioonekana mpaka mtu mwingine auangaze
kwa sababu zake mwenyewe, za urembo.

Akasoma karatasi:
*Imerudi Januari, mradi wao ulipoisha.
Wanasema haina neno. Nimeigonga kwa kucha.
Ina neno.*

Mkuu wa kitivo alipopata habari alikuja na mpigapicha:
sanaa na sayansi, mkono kwa mkono, tabasamu.
Tjitske hakutokea.
Mimi ndiye niliyemwona siku ile akipitisha kidole juu ya kioo,
taratibu, mara mbili.
Ilinipasa kumkataza.
Aliniuliza kama yule mzee bado yuko kule chini,
na kama mlango wake unagongwa au unasukumwa tu.
Sikujua. Ninasoma hapa mwaka wa tatu
na sijawahi kuteremka ngazi zile.

Siku ya mwisho alikuja Wiebren, amevaa suti.
Alizisoma karatasi zake polepole, kama za mgeni,
akacheka kwenye ile ya Aafke,
kisha akachukua namba tisa, akaitia kwapani.
"Hii sijaimaliza," akasema, akaenda zake.

Pakabaki duara hafifu kitambaani.
Wageni wa jioni walilikazia macho kuliko chupa zote,
mmoja akanyoosha mkono.

Nikamwambia asiguse.